Upinde wa Babu na Rangi ya Mashua

1. Upinde uliolala ukutani

Karibu na Moba, kando ya ziwa Tanganyika, alikaa mzee mmoja aliyekuwa mwindaji hodari zamani za ujana wake. Nyumbani mwake vigingi viwili vilikuwa vimepigwa ukutani, na juu ya vigingi hivyo ulilala upinde. Mzee aliuchonga kwa mikono yake mwenyewe, mwaka ule alipotafuta mahari ya kumwoa Bibi. Mti wake ulikuwa mkole, mti mgumu unaopindika bila kuvunjika upesi. Kwa upinde huo aliwalisha wazazi wake, na kwa nyama aliyouza alilipa mahari.

Lakini mtu aliyeingia katika nyumba ile hakuuona mti. Aliona rangi tu: rangi nzito ya kijani, kama ile ya mashua za ziwani. Tena rangi yenyewe ilikuwa imepasuka pasuka kama tope la mto wakati wa kiangazi. Mara kwa mara kipande kimoja kilijibandua na kuanguka chini, na Bibi akakifagia pamoja na mavumbi.

Wageni walipouliza habari za upinde, Babu aligeuza uso.

"Huo si upinde tena," alijibu. "Ni maiti ya upinde. Ulikufa siku ile ulipopakwa rangi."

Watu wa pande zile wanajua kwamba upinde si fimbo tu. Kwa Waluba, wachongaji walifanya vishikio vya pinde vyenye matawi matatu, kazi nzuri mno, navyo vilikuwa alama ya ufalme. Walivichonga kwa kumkumbuka Mbidi Kiluwe, yule mwindaji aliye baba wa Kalala Ilunga katika habari za asili za Waluba. Katika nchi nyingine pia watu wa kale waliutegemea upinde. Mwaka 1991, katika milima ya Alps, watu waliona maiti ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, akahifadhiwa na barafu. Karibu naye palikuwa na upinde wa urefu wa mita 1 na sentimeta 82, ambao alikuwa hajamaliza kuuchonga. Mauti yalimkuta kazi ikiwa mkononi.

Babu naye aliogopa jambo hilo: kufa na kazi yake ya ujana ikiwa imefunikwa na rangi asiyoipenda.

2. Ugomvi wa baba na mwana

Rangi ile ilipakwa na mwana wa mwisho wa Babu. Alikuwa akifanya kazi pwani ya ziwa, kupaka rangi mashua. Siku moja kazi ilikwisha, na nusu ya mkebe ikabaki. Sikukuu ilikuwa karibu. Mwana akafikiri: "Baba yangu ni mzee, na upinde wake umekuwa mweusi kwa moshi. Nitaufanya mpya, naye atafurahi."

Basi akauchukua upinde kwa siri, akaupaka rangi mara mbili, akauanika. Asubuhi ya sikukuu akamletea baba yake kwa mikono miwili.

"Tazama, baba. Upinde wako umerudi ujanani."

Babu hakusema neno. Akafunga upote, ndiyo kamba ya upinde, akavuta polepole. Upinde ukalia: kwaa! Akavuta tena kidogo. Kwaa! Ndipo Babu akaulegeza, akatoa upote, akauweka chini.

"Umeua upinde wangu," akasema.

"Baba, mimi sikuupinda. Sikuuangusha. Niliupaka rangi tu."

"Kabla ya rangi yako haukulia. Sasa unalia. Nani mwingine aliyeushika?"

Maneno yakawa makali, mbele ya wageni wa sikukuu. Mwana akaona haya kubwa. Nyuma ya siku tatu akapanda mashua, akaenda Kalemie kutafuta kazi. Tangu siku hiyo alituma chumvi, sabuni na salamu kwa mama yake, lakini yeye mwenyewe hakurudi. Ikapita miaka kumi.

3. Jambo alilolijua mjukuu

Habari hiyo ilijulikana kwa kijiji chote. Lakini jambo moja halikujulikana ila kwa mtu mmoja, naye ni mjukuu wa Babu, mtoto wa mwana wake wa kwanza.

Siku chache mbele ya sikukuu ile, mjukuu alikuwa mtoto wa miaka tisa. Babu alikuwa amefunga upote ili kufukuza nyani shambani. Mara akaitwa kwa jirani, akauacha upinde umeegemea ukuta, upote ukiwa umekazwa. Mtoto akabaki peke yake. Akaushika upinde, akasimama kama mwindaji, akavuta kwa nguvu zake zote. Hakuwa na mshale. Vidole vikamshinda, upote ukamponyoka: pa! Upinde ukamruka mkononi, na mtoto akasikia sauti ndogo kama kijiti kikavu kinachokatika.

Akatazama. Chini ya kishikio, upande wa nje, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, urefu wake vidole viwili. Mtoto akatema mate kidoleni, akachukua vumbi, akasugua mpaka ufa usionekane. Babu aliporudi jua lilikuwa linatua. Akatoa upote gizani, akautundika upinde bila kuutazama.

Siku ya ugomvi mtoto alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kibuyu cha maji mkononi. Alisikia maneno yote. Alimwona baba yake mdogo akiapa kwamba hana kosa, na alijua kwamba ni kweli. Lakini alifunga kinywa. Kesho yake alisema moyoni: "Nitasema kesho." Na kesho yake tena vivyo hivyo. Basi neno lisiloweza kusemwa siku ya kwanza likazidi kuwa zito kila siku, kama mzigo wa kuni unaonyeshewa mvua.

4. Amri ya Babu

Miaka ikapita. Mjukuu akawa kijana wa miaka 19. Masika moja Babu akaugua sana kifua. Akapona, lakini nguvu zake zikapungua. Siku moja akamwita.

"Mjukuu wangu, nataka kuuona mti wa upinde wangu mara moja tena. Uondoe rangi ile. Sitaki nife huku umevaa nguo ya mashua."

"Ndiyo, Babu," kijana akajibu. Lakini moyo wake ulipiga mbio. Alijua kitu gani kilikuwa kinamngoja chini ya rangi.

Akaenda nyuma ya jiko, akawasha mabua makavu. Watu wengine huondoa rangi kwa moto, naye aliwahi kuona. Lakini hiyo haikuwa sababu yake ya kweli. Alifikiri: "Nikiuchoma kidogo, ufa ukionekana, watu watasema ni moto uliopasua mti. Babu atanikemea kwa haraka yangu, na mambo yatakwisha." Basi akaupitisha upinde juu ya ndimi za moto. Rangi ikatoka mapovu, moshi mbaya ukapanda.

Bibi akatoka jikoni, mkono puani.

"Bwana yangu, unapika nini leo?" akauliza, maana ndivyo bibi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Kisha akauona upinde. Akaacha utani. "Toa huo motoni! Nenda kwa seremala. Kama hujui kazi, kuuliza si aibu."

5. Mafundisho ya fundi

Seremala alikuwa na kiwanda chake chini ya mwembe. Akaupokea upinde, akanusa pahali palipoungua, akatikisa kichwa.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, fundi."

"Vema. Ungekuwa mtoto, nisingekupa kazi hii hata kidogo. Rangi nyingi za zamani, na nyingine zinazouzwa hata leo, zina risasi ndani yake, madini yale yale ya kufanyia risasi za bunduki. Vumbi lake na moshi wake ni sumu. Huharibu damu na ubongo, na watoto wadogo huumia kuliko wakubwa. Hakuna kiasi chake, hata kidogo, kinachojulikana kuwa salama. Ukiichoma rangi, unavuta sumu kwa pua yako mwenyewe."

Fundi alisema kweli. Hatari hiyo ilijulikana tangu zamani. Mwaka 1921, katika mkutano wa kazi wa mataifa huko Geneva, walipatana kwamba vijana wasiotimiza miaka 18 wasiajiriwe katika kazi za kiwanda za kupaka rangi yenye risasi nyeupe.

Kisha fundi akaokota kijiti kibichi, akakipinda mbele ya kijana.

"Tazama. Upande wa nje unavutwa, upande wa ndani unabanwa. Upinde ni vivyo hivyo. Upande unaotazama nyama ni mgongo, nao huvutwa. Upande unaokutazama wewe mpigaji ni tumbo, nalo hubanwa. Nyuzi za mti katika mgongo hutoka ncha moja mpaka ncha nyingine kama kamba. Ukizikata kwa kisu, umekata kamba. Siku moja upinde utavunjika pale pale."

"Basi nitaondoaje rangi, fundi?"

"Kwanza sikia mambo matatu usiyofanya. Usitumie moto, maana hukausha mti mno, ukawa kama bua. Usiuloweke katika maji ya majivu, maana hulegeza nyuzi za mti na kuutia weusi. Tena usichonge. Sisi tunaondoa rangi, hatuondoi mti."

"Hata mti kidogo tu?"

"Wewe umesoma hesabu. Piga kumi mara kumi mara kumi."

"Elfu moja."

"Sasa tisa mara tisa mara tisa."

Kijana akaandika mchangani kwa kidole. "Mia saba na ishirini na tisa."

"Ndiyo nguvu ya upinde. Ukipunguza unene wake kwa sehemu moja katika kumi, nguvu haipungui sehemu moja tu. Inatoka elfu moja mpaka mia saba na ishirini na tisa. Umepoteza zaidi ya robo! Na ukipunguza mkono mmoja wa upinde kuliko mwingine, utapindika upande mmoja, na mshale hautakwenda vema."

6. Bandu bandu

Kesho yake asubuhi wakaanza. Fundi aliwafukuza watoto waliokuja kutazama, akatandika turubai kuukuu chini, pahali penye upepo. Kila mtu akafunga kitambaa juu ya pua na kinywa. Wakaipangusa rangi kwa kitambaa chenye maji, ili vumbi lisiruke. Hawakuuzamisha upinde majini. Waliulowesha juu tu.

Kisha fundi akamwonyesha namna ya kukwangua. Akasimamisha makali ya kisu wima, akayavuta kufuata nyuzi za mti, kutoka kishikio kwenda nchani. Rangi ikatoka kama magamba ya samaki. Penye mviringo alitumia kipande cha chuma chembamba kilichonolewa. Hakukaza mkono.

"Kisu kikianza kuleta unga wa mti, acha," akasema. "Rangi imekwisha pale."

Kijana akachukua kisu. Mwanzoni alikwenda mbio, na fundi akampiga kikofi begani. "Bandu bandu huisha gogo. Haukimbii huo."

Siku ya kwanza walimaliza mkono wa juu tu. Magamba yote ya rangi yakatiwa katika mkebe wenye kifuniko. Baadaye fundi aliufukia mbali na mashamba na kisima. Mbele ya kula kila mtu alinawa mikono na uso kwa sabuni, na nguo za kazi zilifuliwa peke yake.

Mti ukaanza kuonekana. Ulikuwa na rangi ya asali iliyokomaa, na mistari myembamba ikiukimbia toka juu mpaka chini. Kijana alisahau hofu yake kwa muda. Alikuwa hajapata kufikiri kwamba Babu, alipokuwa kijana kama yeye, alikaa siku nyingi na kisu na mti huu, akiufuata mstari mmoja tu wa nyuzi bila kuukata. Kazi hiyo ya uvumilivu ilikuwa imefunikwa miaka kumi.

Siku ya pili wakaugeuza. Kulibaki mkono wa chini. Kijana akaanza nchani, akaenda polepole kuliko lazima. Fundi aliona, lakini alinyamaza.

7. Rangi ndani ya ufa

Saa za alasiri kisu kikafika chini ya kishikio. Gamba kubwa likatoka, na ufa ukaonekana. Kijana akasimamisha mkono.

Fundi akauchukua upinde, akauinua kwenye mwanga. Akatia kucha juu ya ufa, akaupinda mti kidogo sana. Kisha akakaa kimya, akatazama tena.

"Nani alisema kwamba rangi iliua upinde huu?"

"Babu alisema."

"Babu yako ni mwindaji, si mpaka rangi. Tazama ndani ya ufa. Unaona nini?"

Kijana akatazama. Ndani ya ufa, toka mwanzo mpaka mwisho, palikuwa na mstari wa kijani.

"Kama ufa ungekuja nyuma ya rangi," fundi akasema, "ungepasua rangi pamoja na mti, na ndani yake tungeona mti mtupu. Lakini rangi imeteremka ndani kama maji katika mfereji. Basi ufa ulikuwa wa kwanza, rangi ikawa ya pili. Aliyepaka alipaka juu ya ufa bila kuuona, maana ulikuwa umejazwa vumbi. Nikiangalia hivi, naona upote uliachiliwa bila mshale. Mshale ukiwapo, nguvu ya upinde huenda na mshale. Usipokuwapo, nguvu yote hurudi katika mti."

Akamrudishia upinde. Hakuuliza neno jingine. Akaanza kukusanya vyombo vyake, akaimba kidogo kidogo, kama mtu asiyetaka kusikia moyo wa mwenziwe unavyopiga.

Usiku ule kijana hakulala. Alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema kwa Babu: "Fundi amesema si kosa la rangi," na kunyamaza. Baba mdogo angepata haki yake, na yeye angebaki salama. Lakini alijua Babu angeuliza tena swali lile la miaka kumi: "Nani mwingine aliyeushika?" Na akisema "sijui", uongo wa kukaa kimya ungekuwa uongo wa kinywa.

8. Neno zito

Alfajiri, Babu alikuwa ameketi mlangoni akiota jua. Kijana akapiga goti mbele yake, akauweka upinde mapajani mwa mzee.

"Babu, nina neno."

"Sema."

"Baba mdogo hakuuharibu upinde wako. Ni mimi. Uliuacha ukutani siku ya nyani. Niliuvuta bila mshale. Nilisikia ukilia. Nilificha ufa kwa vumbi. Siku mlipogombana nilikuwa nyuma ya mlango, nikanyamaza."

Babu hakujibu. Akapitisha kidole juu ya mgongo wa upinde mpaka akaukuta ufa. Kidole kikasimama pale. Jogoo aliwika, mwanamke mmoja alipita na mtungi, akaamkia, na Babu hakuitika.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akauliza mwisho.

"Tisa."

"Mtoto wa miaka tisa akivunja upinde, ni kosa la mzee aliyeuacha chini. Hilo nimelisamehe sasa hivi." Sauti yake ikapotea kidogo. "Lakini miaka ile mingine? Ulipokuwa na kumi na mbili? Na kumi na tano? Upinde ni mti, na miti iko mwituni. Mwanangu mimi nitamchonga kwa mti gani?"

Kijana akalia. Babu hakumzuia.

Halafu mzee akasema: "Nami nina kosa langu. Niliona jambo moja nikahukumu jambo zima. Mwanangu aliapa, nikakataa kumsikia mbele ya watu. Leta karatasi. Utaandika kwa mkono wako, yote, kama ulivyoniambia. Chini yake utaandika neno langu: baba yako anaomba urudi."

Siku ile ile barua ikapelekwa pwani, ikaingia katika mashua ya Kalemie.

9. Kuupa upinde uhai

Kazi ya upinde ilikuwa haijaisha. Fundi akatengeneza gundi nyepesi, akaitia katika ufa kwa ncha ya unyoya, akabana kwa kitambaa siku mbili. Kisha akazungusha juu yake uzi mgumu wa kushonea viatu, duara kwa duara, bila nafasi. Alitaka kwanza kukwangua ule mstari wa kijani, lakini Babu alikataza.

"Uacheni," alisema. "Huo ndio shahidi wa mwanangu."

Nyuma ya hayo walilainisha mti. Zamani mafundi walitumia majani ya mti uitwao msasa, yenye kukwaruza kama ulimi wa paka; ndiyo sababu karatasi ya dukani nayo imepewa jina hilo. Kijana alianza na karatasi ya msasa namba 120, akamaliza na namba 220, maana namba ikizidi, chembe huwa ndogo. Alisugua kufuata nyuzi za mti, asikatize. Kisha akaupangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Nyuzi ndogo zikasimama kama manyoya ya kifaranga. Mti ulipokauka kivulini akazisugua tena, zikaisha.

Bibi alileta mawese. "Haya hayafai?" akauliza.

"Ni mema kwa chungu, mama," fundi akajibu, "lakini juu ya mti hayakauki. Yatanata, yataita vumbi na panya. Tutatumia mafuta ya mbegu za kitani. Hayo yakikutana na hewa hukauka, yakawa kama ngozi."

Basi kijana akapaka mafuta hayo kidogo sana kwa kitambaa. Akangoja kama robo ya saa, akafuta yote yasiyonywewa na mti. Akaacha mpaka kesho, akarudia. Alifanya hivyo siku nne. Vitambaa vyake alivitia kila jioni katika ndoo ya maji, maana fundi alimwonya: vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikikunjwa na kurundikwa, hupata moto vyenyewe, na nyumba nyingi zimeungua hivyo. Mwisho akasugua nta ya nyuki kwa kiganja, mpaka mkono ukateleza na mti ukang'aa bila kumetameta.

Kijana akauliza kama upinde utaweza kuwinda tena. Fundi hakumdanganya.

"Ufa huu unakwenda pamoja na nyuzi, haukuzikata zote. Ndiyo sababu mti uko mzima. Unaweza kuvutwa kidogo, polepole. Lakini usivutwe tena mpaka mwisho. Gundi hushika, wala haisahaulishi mti."

10. Mashua ya Kalemie

Wiki tatu zikapita bila jibu. Kijana alikwenda pwani kila mashua ilipofika, akarudi peke yake. Babu hakuuliza neno. Alikaa mlangoni tu, upinde magotini.

Jumamosi ya nne mtu mmoja alishuka, mwenye mvi kidogo masikioni na mkebe mkononi. Kijana alimtambua kwa mwendo wake. Akasimama mbele yake, asijue kusema nini.

"Barua yako ilikuwa na makosa mawili ya kuandika," baba mdogo akasema. Kisha akamtwika mkebe. "Beba. Na usiniulize kwa nini nilikawia. Niliisoma mara nyingi."

Walipofika nyumbani, Babu akasimama. Kwa muda mrefu alikuwa hamsimamii mtu, kwa sababu ya kifua. Hakusema maneno mengi. Alimpa mwana wake upinde kwa mikono miwili, kama vile mwana alivyompa yeye asubuhi ya sikukuu ile.

Baba mdogo akaugeuza kwenye mwanga. Akatazama rangi ya asali, akatazama uzi uliozungushwa. Pembeni ya uzi, pahali ncha ya ufa ilipotokea, akaona mstari wa kijani mwembamba kama unywele.

"Rangi yangu bado ipo," akasema.

"Ipo," Babu akajibu. "Nayo ilisema kweli kuliko sisi sote."

Bibi akacheka na kulia pamoja, akaenda kutia sufuria motoni. Na mkebe aliobeba kijana toka pwani? Ulikuwa mkebe wa rangi. Baba mdogo alitaka kupaka mlango wa nyumba ya baba yake. Lakini safari hii aliuliza kwanza.

Leo upinde umelala tena juu ya vigingi viwili, mbali na moshi wa jiko, bila upote, maana upinde unaokazwa siku zote huchoka. Kijana huupaka nta kila mwaka mwanzo wa kiangazi. Watoto wa nyumba wakitaka kuushika, huwapa yeye mwenyewe, akasimama karibu. Na mtoto akiangusha sahani au kuvunja kibuyu, kijana huyo hamwulizi kwa ukali. Humwambia neno moja tu: "Sema leo."

MAULIZO

1. Kwa nini baba mdogo aliupaka upinde rangi?
2. Mtoto aliufichaje ufa?
3. Taja mambo matatu ambayo fundi alikataza.
4. Fundi alijuaje kwamba ufa ulikuja mbele ya rangi?
5. Kwa nini mawese hayafai kupakwa juu ya upinde?
6. Babu alisamehe kosa gani upesi, na kosa gani lilimuumiza zaidi?
7. Piga hesabu: nane mara nane mara nane. Upinde uliopunguzwa unene kwa sehemu mbili katika kumi umebaki na nguvu kiasi gani katika elfu moja?